Nafaka ya Mtoto: Ni Kipato Kipi Kinachohesabiwa?

Mada iliyotolewa kwa vijana baada ya swala ya Alasiri, na kuandikwa upya kwa wasomaji wa jarida letu



Sifa zote njema ni za Allah Subhanahu wa Taala, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Amma baad.

Wazazi wangu, vijana wenzangu, kina dada, na wewe msomaji ambaye pengine hukuwepo siku ile. Kwenye darsa za Ramadhan huwa kuna kisanduku cha maswali. Maswali mengi tunayajua hata kabla ya kufungua karatasi: mswaki baada ya Adhuhuri, dawa ya macho, mtu aliyekula akidhani bado usiku. Lakini kuna karatasi moja ilikuwa tofauti. Imeandikwa na mtoto wa shule, mwandiko ndio uliomfichua. Aliuliza hivi: baba na mama wameachana, baba asema mshahara wake ni shilingi 23,000 na mama asema ni 60,000, je nani anasema uongo?

Maalim alinitazama mimi kwa kuwa nasomea mambo ya hesabu za biashara chuoni. Jawabu ni kwamba inawezekana kabisa hakuna aliyesema uongo. Na hapo ndipo penye tatizo lote la nafaka ya watoto wetu. Watu wanagombana juu ya kiasi cha kutoa kabla hawajakubaliana kitu gani kinaitwa kipato.

(Nikisema nafaka simaanishi gunia la mahindi, ingawa nalo limo. Nafaka ni chakula, mavazi, makazi, matibabu na masomo, vile vitu ambavyo mtoto hawezi kujitafutia mwenyewe.)

Hebu tuchukue mfano, tufanye hesabu pamoja. Baba mmoja, tumwite Baba Salma, ameajiriwa na mshahara wake kabla ya makato ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya mwaka 2025, hazina ya uzeeni ya NSSF inakata asilimia 6, yaani 3,600. Bima ya afya ya SHIF, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, inakata asilimia 2.75, yaani 1,650. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 900. Kisha kodi ya mapato, baada ya kuondoa nafuu ya 2,400 ambayo kila mlipa kodi hupata, inakuja kama 8,538. Jumla serikali imeondoka na 14,688. Amebakiwa na 45,312.

Lakini Baba Salma ana mambo yake. Anaweka hisa kwenye Sacco 5,000 kila mwezi. Analipa mkopo wa Sacco 11,000 kwa sababu alinunua ploti. Analipa benki 6,000, mkopo aliochukua alipooa mke wa pili. Hizo ni 22,000. Mwisho wa mwezi benki inamwonyesha 23,312.

Sasa mbele yako una vipato vitatu vya mtu mmoja: 60,000, 45,312 na 23,312. Baba ameshika cha mwisho. Mama ameshika cha kwanza. Wote wawili wana karatasi ileile ya mshahara mkononi, na wote wawili wanaapa wallahi. Mtoto yuko katikati, ada haijalipwa.

Kipi ndicho? Mimi nitasema wazi ninavyoona, kisha nitaonyesha kwa nini. Kile cha 60,000 si haki kumhesabia baba, kwa sababu makato ya serikali hana hiari nayo; ile pesa haiingii mkononi mwake. Na kile cha 23,312 pia si haki, tena ndicho kibaya zaidi, kwa sababu ni kipato ambacho baba amejitengenezea mwenyewe. Hisa za Sacco ni akiba yake. Ploti ni mali yake, itapanda bei na itaandikwa jina lake. Akisema hana pesa kwa kuwa ananunua ploti, maana yake ni kwamba mtoto ndiye anayemsaidia kununua ploti. Hesabu inaanzia pale kwenye 45,312, halafu ndipo tukae tuzungumze juu ya yale madeni moja moja, lipi ni la dharura na lipi lingeweza kusubiri.

Mtu aweza kuniuliza, "We kijana, haya umeyatoa wapi? Deni si deni? Deni hata shahidi hasamehewi!" Swali zuri. Basi turudi madrasa kidogo.

Katika Suratut-Talaq, aya ya 7, Allah anaamrisha mwenye wasaa atoe kwa kadiri ya wasaa wake, na yule aliyebanwa riziki atoe katika kile alichopewa. Tazama vizuri, ndugu msomaji. Kipimo ni uwezo wa mtu, na uwezo ni neno pana kuliko mshahara. Na katika Suratul-Baqara aya ya 233, pamoja na kumwekea baba jukumu la chakula na mavazi kwa wema, mafundisho ni kwamba mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake wala baba asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake. Pande zote mbili zimelindwa. Kwa hiyo anayekamua baba hadi abaki bila nauli ya kwenda kazini, naye pia ameiacha aya.

Kisha kuna kisa cha Hind bint Utba (R.A.), mke wa Abu Sufyan, kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Alilalamika kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mumewe ana mkono mzito na hampi kinachomtosha yeye na watoto. Akaruhusiwa kuchukua katika mali ya mumewe kile kinachomtosha yeye na mtoto wake kwa wema. Watu hupenda kusimulia kisa hiki wakicheka, kama ruhusa ya kina mama kuingia mfukoni. Lakini kuna jambo la hesabu ndani yake. Abu Sufyan hakuwa masikini, alikuwa nazo. Kilichotazamwa ni mali aliyonayo na haja ya waliomtegemea, wala hakuulizwa ameamua kutenga kiasi gani.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameliingia jambo hili kwa undani. Waliosoma Minhaj ya Imam Nawawi watakumbuka kwamba nafaka ya mke imewekewa kipimo: mudi mbili za chakula kwa mume tajiri, mudi moja kwa masikini, na moja na nusu kwa wa kati na kati. Nafaka ya mtoto haikuwekewa mudi. Kipimo chake ni kinachomtosha. Mtoto wa miaka miwili na mtoto wa darasa la nane hawali sawa, na mgonjwa wa pumu ana haja ambazo ndugu yake hana. Kisha wakaweka sharti kwa baba: awe na ziada baada ya chakula chake yeye na mkewe cha siku ile, mchana na usiku. Basi. Hawakusema baada ya ploti. Hata katika mlango wa mtu aliyefilisika, ambaye wadai wamemzunguka na kadhi amezuia mali yake, yeye na wale wanaomtegemea huendelea kulishwa katika mali ile mpaka siku itakapogawanywa. Kwa hiyo yule ndugu wa "deni ni deni" namjibu kwamba ndiyo, lipa deni, lakini usimlishe mwenye Sacco kwanza na mtoto wako baadaye.

Na wameongeza mambo mawili ambayo vijana tuyasikilize sana. La kwanza, mali ya mtu inayoweza kuuzwa kulipa deni, inaweza kuuzwa pia kwa ajili ya nafaka hii. La pili, kwa kauli yenye nguvu, mtu mwenye uwezo wa kuchuma analazimika kuchuma ili awatunze. Yaani "sina kazi" si jawabu kamili. Utaulizwa, una mikono?

Sasa tuje kwa sheria za nchi, maana wengi wetu tutapelekana huko tutake tusitake.

Wengi wanadhani mahakama za Kenya zina asilimia fulani, theluthi ya mshahara au nusu. Hakuna kitu kama hicho. Zipo nchi zenye asilimia. Uingereza, kwa mfano, ambako tuna jamaa wengi kutoka pwani, kipato kinatazamwa kabla ya kodi, na mzazi anayepata kati ya pauni 200 na 800 kwa wiki hukatwa asilimia 12 kwa mtoto mmoja, 16 kwa wawili, na 19 kwa watatu au zaidi, kisha hupunguziwa kulingana na siku ngapi mtoto analala kwake. Ni mtindo mwepesi, na sikatai kwamba unapunguza magomvi. Lakini huko karibu kila mfanyakazi anajulikana kwa mtoza ushuru. Kwetu sisi, asilimia ya nini? Ya mauzo ya kachiri? Ya samaki waliopatikana jana?

Kwa hivyo Kenya kila kesi hupimwa kivyake. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kimesema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa usawa, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua mahali pa ile ya 2001, ndiyo inayofuatwa katika maombi ya matunzo. Hakimu huangalia kipato cha kila mzazi, mali zao, majukumu yao mengine, hali ya afya, mahitaji ya mtoto na namna alivyokuwa akisomeshwa. Na jambo linalotuhusu sana ni kwamba haangalii tu kile unachopata leo, bali pia kile ambacho ungeweza kupata. Fundi umeme mwenye cheti aliyeacha kazi wiki moja baada ya kupokea hati ya mahakama, hawezi kusimama akasema kipato chake ni sufuri. Linganisheni na lile la Minhaj nililotaja juu. Mimi niliposoma sehemu hii nilifurahi, kwa sababu watu husema sheria hizi mbili ni kama maji na mafuta.

Kila mzazi hutakiwa kuleta hati ya kiapo inayoeleza anachopata, anachomiliki na anachotumia. Iandamane na karatasi za mshahara, taarifa za benki, taarifa za M-Pesa, kodi ya nyumba, risiti za shule. Hiki ni kiapo, jamani. Umeapa. Watu wanaogopa kuapa kwa msahafu msikitini lakini karatasi ya wakili wanaitia sahihi bila kusoma.

Mwenye mshahara kesi yake ni nyepesi, kila kitu kimeandikwa. Shida iko kwa sisi wengine, na wengi wetu ndio hao wengine.

Chukua kijana wa bodaboda. Kwa siku akikusanya shilingi 1,300 atakwambia amepata 1,300 kama anajisifu kwa wenzake, au 200 kama yuko mbele ya mkwe. Ukweli uko kati. Petroli 400, mwenye pikipiki anataka 300, zimebaki 600. Akifanya kazi siku 26 ni 15,600. Toa oili, tairi na breki, tuseme 1,600 kwa mwezi. Kipato chake ni 14,000. Hiyo ndiyo namba ya kuanzia. Gharama ambazo bila hizo kazi haiendi zinatolewa. Miraa haitolewi. Simu mpya haitolewi. Chai ya kijiweni, hiyo tumsamehe kidogo.

Au mvuvi. Mtu ukimpima wakati wa kaskazi, bahari imetulia, utamwona tajiri. Ukimpima wakati wa kusi utamwonea huruma. Na mimi nimesikia wazee wakisuluhisha jambo hili kwa kuuliza "mwezi uliopita ulipata ngapi?", nikatikisa kichwa. Mwezi uliopita hausemi kitu. Kipato kinachobadilika kinahesabiwa kwa mwaka mzima. Tuseme miezi sita mizuri anapata 30,000 kila mwezi, na miezi sita mibaya 8,000. Jumla ya mwaka ni 228,000. Gawa kwa 12, ni 19,000. Sasa hapo kuna hekima mbili: ama atoe kiasi kimoja kila mwezi kwa kutumia ile 19,000, ajiwekee akiba wakati wa neema, ama wakubaliane atoe zaidi kaskazi na kidogo kusi. Mimi napendelea la kwanza, maana mtoto anakula hata kusi.

Mwenye duka naye ana mchezo wake. Mauzo si faida, hilo kweli, na kina mama wengine hukosea hapo wakaona droo imejaa wakadhani zote ni za kula. Lakini duka nalo humlisha mwenyewe. Sukari, mchele, sabuni, vyote vinatoka dukani kwenda nyumbani bila kuandikwa. Nauli, simu, karo ya watoto wa nyumba ya pili, vyote vinatolewa kwenye droo na vinaitwa gharama za biashara. Ukitaka kujua kipato cha mwenye duka, usimwulize faida aliyoandika. Tazama maisha anayoishi. Mtu anayelipa kodi ya nyumba ya shilingi 30,000 hawezi kuwa na faida ya 15,000, labda duka lake lina miujiza.

Na M-Pesa. Siku hizi taarifa ya M-Pesa ndiyo shahidi mkubwa kuliko wote, lakini shahidi huyu anataka kueleweka. Pesa zote zilizoingia si kipato. Mwekahazina wa chama huingiziwa 80,000 kwa siku moja na si zake. Kuna mchango wa mazishi, kuna pesa ya mzigo wa mtu. Kwa hiyo hakimu au wazee wakikuonyesha jumla kubwa, usikasirike. Chukua kalamu, eleza moja moja. Na ukiona mtu hawezi kueleza, na pesa hiyohiyo huingia kila tarehe 5 kutoka kwa mtu mmoja, basi huo ni mshahara uliovaa buibui.

Nije kwa kina dada, msidhani nimewasahau. Kipato cha mama nacho kinahesabiwa. Hapa kuna tofauti kidogo kati ya fiqhi na Katiba, na si vizuri kuificha. Kwa fiqhi yetu, mtoto mdogo nafaka yake ni juu ya baba, akishindwa babu wa upande wa baba, na mama huja baadaye hata kama ana mali. Katiba imeweka jukumu sawa kwa wote wawili. Lakini majaji wameeleza mara nyingi kwamba usawa huo si kukata mkate katikati. Anayepata 15,000 na anayepata 60,000 hawatoi sawa. Na yule anayelala na mtoto, anayemwamsha shule, anayekesha naye akiwa na homa, hiyo nayo ni kazi na huhesabiwa katika mchango wake.

Tuna dada zetu wengi wanaokwenda Saudia na Qatar kufanya kazi za nyumbani, wakawaachia nyanya watoto. Ajabu ni kwamba akishapata kazi tu, baba anaacha kutoa. "Mama yake yuko Arabuni, ana riyali." Hesabu yake imekuwa rahisi sana! Kwanza, deni la safari mara nyingi halijaisha. Pili, hata kama ana riyali, kipato cha mama kinaweza kupunguza mzigo wa baba lakini hakiufuti. Na nyanya anayelea hapati hata shilingi kutoka kwa yeyote.

Na baba aliyeoa tena? Majukumu yake mapya yanatazamwa, ndiyo. Mahakama haiwezi kujifanya haioni watoto wa nyumba ya pili, nao ni watoto. Lakini Baba Salma hawezi kuwahesabu wale kwanza kisha Salma apewe makombo, ati kwa kuwa hakai naye. Weka watoto wote kwenye mstari mmoja ndipo ugawe. Ule mkopo wa harusi wa 6,000, kwa maoni yangu, hauna nafasi kabisa katika hesabu ya Salma.

Upande wa pili wa mizani ni haja za mtoto, na hapa kina mama nawaomba uaminifu uleule. Kodi ya nyumba ya 12,000 inayokaliwa na mama, mtoto na shangazi wawili, isiandikwe yote kwa jina la mtoto. Nimeona orodha yenye hina na vocha ya simu. Ukiandika kitu kimoja kisicho kweli, baba atavishuku vyote, hata dawa ya pumu. Andika chakula, fungu la mtoto katika kodi, ada, sare, nauli, hospitali, madrasa. Usisahau madrasa.

Na kwa kuwa tuko katika mwezi huu, kuna mambo mawili ambayo yanachanganywa sana. Zakatul-fitri ya mtoto inafuata nafaka: anayelazimika kumlisha ndiye anayelazimika kumtolea fitri. Kuna kina baba ambao asubuhi ya Idi wanahesabu vidole, "fitri ya fulani na fulani", wakitoa kibaba kwa kibaba kwa watoto ambao tangu Mfungo Tatu hawajui wanakula nini. Umekiri kwa fitri kwamba huyu ni wako kumlisha, na bado siku zilizobaki za mwaka hazionekani. Jambo la pili ni zakat ya mali. Tajiri hawezi kuchukua zakat yake akampelekea mtoto wake anayemlazimu, akajihesabia ametoa vyote viwili. Nafaka ni haki ya mtoto juu yako, na zakat haitolewi kwa fakiri ambaye tayari ni wajibu wako kumlisha. Na nguo za Idi, hata ziwe nzuri namna gani, si malipo ya miezi kumi na moja.

Mnaouliza mwende wapi: anzeni nyumbani, kwa wazee wenye uadilifu, na mkikubaliana muandike na mtie sahihi. Afisa wa watoto kwenye kaunti ndogo anaweza kuwakalisha na kuwaandikia mkataba. Kadhi anaweza kusuluhisha, na watu wengi pwani huanzia kwake; ila mjue kwamba kuhusu kama anaweza kutoa amri ya matunzo ya mtoto, hukumu za Mahakama Kuu zimetofautiana, na Sheria ya Watoto imeipa kazi hiyo Mahakama ya Watoto. Amri ikishatolewa si jiwe. Baba akifukuzwa kazi, au mama akipata kazi nzuri, au mtoto akiugua, yeyote anaweza kurudi kuomba ibadilishwe. Anayenyamaza na kuacha tu kulipa ndiye anayejitia mashakani. Na kwa wenzangu wa vyuo: kwa kawaida matunzo huishia miaka 18, lakini mahakama inaweza kuyaongeza kwa sababu ya masomo au ulemavu, kwa hiyo usikae kimya ukidhani umeshapitwa.

La mwisho ni kwa yule dada anayesema "nitasubiri, akipata atalipa yote ya nyuma". Katika madhehebu yetu nafaka ya mtoto iliyopita bila kutolewa haigeuki kuwa deni kwa kupita siku tu. Inakuwa deni pale kadhi alipoikadiria, au alipomruhusu mama akope kwa niaba ya baba aliyekataa au asiyekuwepo. Kwa hiyo kila mwezi unaosubiri kwa adabu na haya, bila karatasi yoyote, unaweza kuwa umekwenda. Kusanya risiti zako wiki hii, hata kama ni chache, na uzitie kwenye bahasha moja yenye tarehe.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.